Hapa Hatoki Mtu Bila Kuaga

Mama yangu alikaa eda miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa, katika chumba chake kile kile cha nyumba yetu ya Bagamoyo. Siku ya kutoka, wanawake wa mtaani walimwogesha, wakamfukiza udi, wakamvika kanga mpya. Dua ikasomwa, pilau likaliwa, kila mtu akaenda kwake. Mama naye akaivua ile kanga mpya, akaikunja vizuri, akavaa tena nguo zake nyeupe na kurudi kukaa ukingoni mwa kitanda. Akakaa hapo miezi mingine miwili.

Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alisali, alikula kidogo, alijibu salamu za watu. Ukimchukua kumpeleka hospitali kupima presha alikwenda bila ubishi. Alipandishwa gari, alishushwa, alirudishwa. Lakini kutoka mwenyewe, hata kuvuka njia kwenda kwa jirani yake wa miaka yote kuomba kiberiti, hakuweza. Alifika mlangoni, akashika komeo, akasimama, kisha akarudi. Nilimwona kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Nilipomuuliza kuna nini, alinijibu, "Hakuna kitu, mwanangu. Nilitaka kutoka, nimeghairi."

Kaka yangu ni mkubwa kwangu, na kwa mama tuko wawili tu. Ni mtu wa kupanga mambo, na hili alishalipanga: mama atahamia kwake Dar es Salaam, chumba kimeshapakwa rangi, na nyumba ya Bagamoyo itafungwa. Nilipombishia alinijibu bila kupandisha sauti, na hapo ndipo anaponiudhi zaidi. "Mtu asiyeweza kuvuka mlango wake mwenyewe hawezi kuishi peke yake," alisema. "Siku nikihakikisha ametoka kwa miguu yake, hajashikwa mkono na mtu, nitanyamaza." Jumapili angekuja kumchukua.

Mama alipoambiwa alisema "sawa", kwa sauti ya mtu anayeambiwa leo umeme umekatika. Lakini jioni ile nilimkuta ukumbini anapapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama anavyopapaswa mtoto kuangaliwa homa. Ukuta ule aliukandika kwa mikono yake, yeye na baba, alipokuwa bibi harusi wa juzi juzi. Nikajua kwamba hataki kuondoka, na kwamba hatasema.

Mimi ni mwalimu wa jiografia huko huko Dar, na nina ugonjwa wa walimu: naamini kila tatizo lina safari yake ya mafunzo. Mara mbili nilikuwa nimewapeleka wanafunzi kupiga kambi kwenye msitu mmoja mdogo, upande wa bara kuelekea Miono, na mara zote mbili nilirudi na moyo mweupe. Nikasema mama akiona pale, miguu itamwamka yenyewe. Nikamwomba kaka siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Badala ya kuja kumchukua nyumbani, aje amchukue msituni. Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Unampeleka mjane akalale porini?" Lakini alikubali, kwa sababu alijua hizo siku tatu hazitabadili kitu.

Mama hakuuliza tunakwenda wapi. Kupelekwa alikuwa akipelekwa. Hilo halikuwa na taabu.

Nikafungasha. Wazungu huenda kambini na begi moja mgongoni, mimi nilipakia nyumba nzima. Mkeka, godoro, mto wake wa sufi, chandarua, birika, chupa ya chai, masufuria matatu, na mbuzi ya kukunia nazi, maana mtu wa pwani hawezi kulala mahali asipoweza kukuna nazi. Chini kabisa ya sanduku niliweka ile kanga mpya ya kutokea eda. Dereva wa gari tulilokodi aliniuliza kama tunahama.

Msitu wenyewe si mkubwa. Kwenye ramani ni doa tu la kijani katikati ya mashamba ya mihogo na minanasi. Lakini ukishaingia hatua chache barabara haisikiki tena, na nakwambia hewa inabadilika puani, inakuwa na harufu ya majani mabichi na udongo uliolowa. Mikongo imesimama minene, mipingo imejikunja kunja katikati yake, na majani makavu yamelala chini unene wa godoro. Kuna mabwawa mawili. La kwanza liko karibu na kambi, limejaa mayungiyungi, na mikindu imeliinamia pande zote. La pili liko mbali, mwendo wa zaidi ya saa ukizunguka kwa njia ndefu. Kambi ni uwanja uliofagiwa, mafiga matatu, choo cha shimo chenye mlango wa makuti, pipa la maji na banda la mlinzi. Simu inashika ukipanda juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu hicho kimelainika kwa nyayo za watu wenye haraka zao.

Mlinzi ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa vijiji vya huko huko, anayevaa shati la kijani la kazi, suruali, buti za mpira, na juu ya vyote hivyo kanga kiunoni. Kazi zote pale ni zake. Jioni alimwaga majivu kuzunguka hema letu, duara kamili lisilo na pengo, ili siafu wasituingilie. Kisha akachukua ufagio mrefu na kwenda kufagia midomo ya njia zote zinazoingia msituni, akirudi kinyumenyume asiache alama yake. Mara zilizopita nilidhani ni usafi. Safari hii nilimuuliza.

"Nafagia jioni ili asubuhi nisome," aliniambia. "Aliyepita nitamjua. Paa, sange, kenge, mtu. Mchanga haunifichi kitu."

Na kuna ubao. Umetundikwa ukutani mwa banda lake, una misumari kumi, na kila msumari una kibao kidogo cha mti kilichochomwa namba. Anayetoka kambini kwenda kutembea anachukua kibao chake, anasimama mbele ya mlinzi, anamwambia usoni anakwenda wapi. Akirudi anakitundika na kusema amerudi. Hakuna daftari, na kupaza sauti kutoka mbali hakukubaliki. "Mimi sivui buti mpaka ubao ujae," alitueleza siku tulipofika, na mama akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Mama alipewa namba saba, mimi namba nane. Mimi nilitabasamu tabasamu la mwalimu anayesomewa sheria za shule, nikasahau papo hapo.

Hema letu lilikuwa kubwa, la kuazima. Mama aliingia, akatandika mkeka, akakaa ameelekea mlango na miguu ameinyoosha, akateremsha pazia la mlango nusu. Nilisimama nje nikiwa na birika mkononi, nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimemtoa kwenye chumba kimoja Bagamoyo nikamtia kwenye kingine chenye kuta za nailoni.

Mambo yakazidi. Alasiri walikuja kina mama wawili wa kijijini wanaoleta kuni. Walimwona mwanamke mtu mzima amevaa nyeupe, amekaa ndani, pazia limeshuka nusu. Wakatua mizigo yao mbali, wakajitanda kanga vizuri, wakaja kwa kunyata na kuketi mlangoni. "Pole, mama. Mungu amlaze mahali pema marehemu." Mama akaitikia, "Amina, ahsanteni wanangu," kama aliyekuwa akiwangojea. Baada ya saa moja walirudi na sahani ya mihogo ya kuchemsha iliyofunikwa kwa kitambaa. Hata mlinzi akaanza kunong'ona. Jua lilipoanza kushuka kambi nzima ilikuwa matangani.

"Mama yangu ameshatoka eda!" niliwaambia, nikasikia mwenyewe sauti yangu ilivyokuwa kali. "Miezi miwili sasa!"

Mmoja wao alinitazama mimi, akalitazama hema, akanijibu kwa upole, "Haya, mwanangu. Kama unavyosema."

Nilijaribu yote ninayoyajua. Nilimwambia mama habari za mayungiyungi yanavyofumbuka asubuhi. Nilimwambia kuna ndege kule wa rangi ambazo hata dukani kwa vitenge hazijafika. Nilimnyooshea mkono nikamwambia twende pamoja, nitakushika. Alinitazama kwa huruma. "Nenda wewe, utanihadithia." Mwishowe nikamwambia wazi: Jumapili kaka anakuja, asipokuona umetoka mwenyewe nyumba inafungwa. "Najua," alisema mama. "Ningeweza ningetoka." Na mimi, Mungu anisamehe, nilimkasirikia. Niliona anaogopa tu, na kwamba hataki kujikaza.

Jumamosi alfajiri, baada ya sala, niliondoka na hasira zangu. Sikuchukua kibao, sikumuaga mtu.

Nilifika bwawani jua likichomoza nyuma ya mikindu. Nimeishi kwenye nyumba za kupanga miaka mingi, na asubuhi yangu ya kawaida ni honi na ndoo, kwa hiyo sijui kama nitaweza kuieleza ile asubuhi ilivyostahili. Maji yalikuwa meusi na yametulia kabisa. Mayungiyungi yalianza kufumbuka moja hapa, moja kule, meupe yenye ncha za zambarau, wala huoni yanapojongea. Unageuza macho kidogo, ukirudi, lililokuwa ngumi limekuwa kiganja. Nilipanda juu ya gogo lililoangukia majini ili nione vizuri. Mdiria mmoja wa buluu alijitupa majini, akatoka na kisamaki, akakigonga kwenye tawi mara tatu kabla hajakimeza. Nyuma yangu sange alitoka kwenye majani na pua yake ndefu, akanikuta, akaduwaa, akapotea. Nilijisikia mtu mwenye bahati kuliko wote, na nikalia kwa uchungu, kwa sababu mama yangu alikuwa hatua mia tatu kutoka pale lakini ilikuwa kama bado yuko Bagamoyo. Nikatoka kwa kupita gogo mpaka ng'ambo, nikazunguka kwenye majani, nikarudi kambini baada ya muda mrefu.

Mlinzi alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Buti zake zilikuwa na tope hadi juu, suruali imelowa mapajani, na mkononi alikuwa na mti mrefu uliokuwa ukichuruzika maji. Hakunisalimia.

"Mwalimu, ulikuwa wapi?"

"Bwawani. Nilitembea kidogo tu."

"Nyayo zako zimeingia kwenye gogo, hazikutoka. Unajua nimefanya nini? Nimeingia majini nakutafuta kwa huu mti." Akauchomeka ule mti ardhini. "Hapa hatoki mtu bila kuaga. Si sheria ya kumsumbua mtu. Usipoaga, nitajuaje kama wewe ni wa kusubiriwa au wa kutafutwa?"

Nilikosa pa kuweka uso. Nilimwomba radhi, nikamwomba tena, nikachukua buti zake kwenda kuziosha. Nilipopita karibu na hema niliona pazia limepandishwa lote na mama amekaa mbele kabisa, shingo ameinyoosha, akimtazama yule mwanamke na ule ubao wake. Nikadhani anafurahia kuona nikigombezwa. Tangu utoto nilikuwa mtoto wa kuhitaji kugombezwa.

Mchana tulikula. Baada ya adhuhuri nilikuwa natakasa sufuria kwa majivu pale mafigani niliposikia zipu ya hema. Mama alitoka. Alivaa ndala zake, akajitanda kanga yake nyeupe, akavuka lile duara la majivu na kwenda moja kwa moja bandani. Sikuinuka. Hata kupumua nilipumua kwa uangalifu. Alikiangua kibao namba saba kwenye msumari, akasimama mbele ya mlinzi aliyekuwa akinoa panga.

"Natoka," mama alisema.

Mlinzi aliweka panga chini. "Unaelekea wapi, mama?"

"Hapo bwawani. Nikayaone hayo mayungiyungi ninayosimuliwa."

"Haya, mama. Mimi nipo."

Mama hakuondoka mara ile. Alimtazama yule mwanamke muda kidogo, midomo imemcheza kama anayetaka kusema neno. Kisha akafunga kibao kwenye pindo la kanga, akageuka, akaingia njiani. Mgongo wake mweupe ulionekana kati ya mikongo, ukapungua, ukaisha.

Nilikuwa nimeshasimama. Mlinzi hakunitazama hata. "Kaa," aliniambia. "Ameniaga mimi, hakukuaga wewe."

Nilikaa na lile sufuria mapajani. Nilifikiria nyoka, gogo, utelezi, presha. Mlinzi aliendelea kunoa panga lake, lakini niliona amekigeuza kiti. Uso wake wote ulikuwa umeelekea mdomo wa njia. Alikuwa na subira ya kazi, ile ya mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike. Nimesimamia mitihani kwa miaka, sijapata kuona mtu anayejua kungoja kama yule.

Mama alirudi kivuli cha banda kikiwa kimefika mafigani. Pindo la kanga lilikuwa limelowa. Alitundika kibao.

"Nimerudi."

"Umerudi salama?"

"Salama." Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza, kwa sauti yake ile ya zamani ya kutoa kazi, "Ile mbuzi uliyokuja nayo iko wapi? Hiyo mihogo ya wale kina mama inataka tui."

Kabla jioni haijafika na mlinzi hajafagia, aliniita twende naye hadi bwawani. Nilichukua kibao changu bila kukumbushwa. Njiani alinisomea mama yangu kama mtu anayesoma barua. Hapa alikwenda polepole, tazama ndala zinavyokaribiana. Hapa alisimama, nyayo mbili sambamba, zimezama kidogo, alisimama sana. Hapa alivua ndala. Na pale ukingoni, kwenye tope laini, palikuwa na alama za vidole vya miguu vya mama yangu vikielekea majini, hatua mbili ndani na hatua mbili nje. "Aliosha miguu," mlinzi alisema. "Kisha huku kurudi, ona, hatua ndefu." Nilichutama nikaigusa alama ya kisigino. Nilimwonea wivu yule mwanamke kwa kujua kusoma maandishi yale.

Mama alikuna nazi yeye mwenyewe, amekaa juu ya mbuzi, na mimi nikashika bakuli. Hapo ndipo aliponieleza, bila kuulizwa, macho yake yakiwa kwenye kifuu.

"Maisha yangu yote na baba yako sikutoka bila kumuaga. Hata dukani. Nasema 'natoka'. Yeye yuko barazani na redio yake, wala kichwa hageuzi, ananijibu, 'Haya, mimi nipo.' Ni hivyo tu, hakuna zaidi." Akaendelea kukuna. "Sasa nafika mlangoni, neno limeshafika mdomoni, naona sina wa kumpa. Nitatokaje? Hata nikianguka huko njiani, nani anajua kwamba nilitoka?"

Nililia, wala sikujificha. Miezi miwili nilidhani anaogopa kilichoko nje, kumbe kilichomshinda kilikuwa nyuma yake, kile kiti kitupu cha barazani. Na nilijifikiria mimi mwenyewe, ninayefunga mlango wangu kwa ufunguo kila asubuhi Dar es Salaam na kushuka ngazi bila kumwambia mtu, na kujiona nimeendelea. Mama aliniambia nisitie machozi kwenye nazi, mihogo ina chumvi ya kutosha.

Jumapili, chai ilipokwisha, alitoka hemani amevaa ile kanga mpya ya kutokea eda. Alichukua namba saba. "Natoka. Leo naizunguka njia ndefu." Mlinzi akamwambia lilipo daraja la magogo na mahali penye utelezi, kisha akasema, "Haya, mama. Mimi nipo."

Kaka alifika nusu saa baadaye, viatu vinang'aa, suruali imepigwa pasi. Alikwenda moja kwa moja hemani, akainua pazia, akakuta mto na mkeka.

"Mama yuko wapi?"

Mlinzi alimwonyesha ubao. Sita, msumari mtupu, nane. "Ametoka."

"Na nani?"

"Peke yake."

Kaka alinigeukia mimi, na najua alichokuwa akikifikiria: kwamba nimemficha mama kwenye miti, nimshike mkono mpaka karibu, kisha nimwachie atokeze. Sikumlaumu, utotoni niliwahi kufanya mbinu mbaya zaidi ya hiyo. Nilifungua mdomo kumjibu, lakini mlinzi alishamchukua hadi kwenye mdomo wa njia ndefu, uliofagiwa jana jioni.

"Hizi ni ndala za mama," alimwambia. "Hizi ni za paa, alipita kabla yake, ndio maana ndala imekanyaga juu. Za mtu mwingine ziko wapi? Nitafutie."

Kaka yangu, mtu wa mafaili, alichutama na suruali yake ya pasi. Alitazama upande huu wa njia, akatazama upande ule. Akasogea mbele, akachutama tena. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa ndala, unaingia msituni, na pembeni mchanga ulikuwa na mistari ya ufagio. Aliinuka akakung'uta magoti. "Nitamfuata," alisema, sauti imeanza kupata wasiwasi.

"Chukua kibao."

"Sichelewi, dada, ni hapo tu."

"Chukua kibao, au kaa."

Akakaa. Alikaa juu ya gogo pembeni yangu zaidi ya saa nzima, hakupanda kichuguu hata mara moja. Mbega walipita juu ya vichwa vyetu, mikia yao myeupe imening'inia, wakirukia matawi bila haraka, na jua likawapitia kwenye manyoya. Kaka alitazama mpaka walipopotea. "Kumbe ni pazuri hivi," alisema, si kwangu.

Mama alitokea akiwa na jasho usoni na jani limemnasia begani. Alituona, lakini alipita kwanza bandani. "Nimerudi," alimwambia mlinzi, akatundika kibao, ndipo akaja kwetu. Kaka akaruka kusimama. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Umefika zamani?"

"Hukuogopa huko peke yako?"

"Niogope nini? Nimeaga."

Kaka alizitazama ndala za mama zilizojaa tope. Kisha akauliza swali ambalo nilimchukia kwa kuliuliza, kwa sababu lilikuwa la haki. "Sawa, mama. Hapa kuna mlinzi. Nyumbani utamuaga nani?"

Mama alikaa kwenye gogo, akavua ndala, akaanza kuzigonga gonga zitoke tope.

"Hizo simu mnazotembea nazo ni za nini?" aliuliza. "Mnanipigia kila siku mnaniuliza nimekula nini. Sitaki kuulizwa nimekula nini. Nataka nikisema natoka, mtu aniambie yupo."

Kaka alikuwa amesema atanyamaza, na alinyamaza. Alikwenda kubeba godoro.

Tulipokuwa tayari tulimuaga mlinzi mmoja mmoja, uso kwa uso, kama anavyotaka. Mama alimshika mikono yote miwili, na sikusikia walichoambiana. Gari lilipogeuka nilitazama nyuma. Ubao ulikuwa umejaa, namba zote kumi, na yule mwanamke alikuwa amekaa kizingitini anavua buti.

Simu ya kwanza ilinikuta darasani, Jumatatu, chaki mkononi, wanafunzi wote wamenikodolea macho. Kile kisimu cha kitochi cha mama kina sauti kubwa, kwa hiyo nadhani hata wa kiti cha nyuma walisikia. "Natoka. Nakwenda hapo kwa jirani." Nikamjibu, "Haya, mama. Mimi nipo," nikaendelea na somo la mito, ingawa nilikuwa nimesahau tulifika mto gani.

Tumegawana. Siku za kazi anapiga kwangu, Jumamosi na Jumapili kwa kaka. Kaka hakupenda mwanzoni, alisema ni mambo ya kitoto, ana shughuli. Lakini wiki iliyopita wifi yangu alinipigia akicheka, akaniambia nije nimtazame mume wake: ametoka kazini Jumamosi, chakula kimepoa mezani, yeye amekaa tu sebuleni na simu juu ya goti, viatu miguuni. Wifi alimuuliza mbona havui viatu.

"Bado hajarudi," alimjibu.